Mafuta Niliyopakwa Nikiwa Hai

Siku niliyotolewa nje nikafie porini walikuwapo hawa. Alikuwapo Baba mdogo Lemburis, mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyevuta kamba. Alikuwapo Padri, Mzungu mwenye ndevu kama nywele za mahindi mabichi, aliyefika asubuhi na kuondoka umande haujakauka. Alikuwapo Yosefu, katekista wake kutoka upande wa Kilimanjaro, aliyesimama nje ya ua muda wote na kitambaa puani. Walikuwapo wadogo zangu wawili, Nasieku na Lomayani, waliokatazwa kunisogelea. Alikuwapo Koko Nabulu, bibi mjane wa ua wa jirani, ambaye hakuna aliyemwita. Na mimi nilikuwapo, Namnyaki, kifungua mimba wa nyumba ile, ingawa wote walizungumza kana kwamba sipo.

Nimewataja wote kwa sababu siku hizi ukiwasikiliza watu utadhani nusu ya Waarusha walikuwa mlangoni pangu wakilia. "Tulikuombea sana, Namnyaki," wananiambia njiani. Basi waliniombea kutoka mbali mno, maana hata kikohozi chao sikukisikia.

Naandika haya kwa ajili ya wale ambao ndui itawafikia, au imekwisha kuwafikia na wamelala wakisikiliza watu wakigawana vitu vyao. Mimi si msomi. Niliacha shule ya Padri mapema, nikiwa nimejua kusoma, kuandika na kujumlisha, lakini kugawanya bado. Baba alitoka kwenye kazi ya mawe ya boma la Wadachi akiwa anakohoa, akafa. Mama akamfuata kabla shamba lililopandwa siku za msiba halijavunwa. Mtu mwenye wadogo wawili, migomba na ng'ombe wachache hana saa ya kukaa darasani. Nilimwambia Padri hivyo. Akasema Mungu atanisaidia. Nikasema vizuri, lakini jembe nitalishika mimi.

Ndui ilinikamata masika yakianza. Kwanza ni mgongo. Unadhani umebeba kuni vibaya. Halafu homa, halafu kiu ambayo maji hayaifikii. Halafu usoni vinatoka vipele vigumu kama kunde chini ya ngozi, vinashuka mikononi, vinajaza nyayo, vinaingia mdomoni na kooni. Kisha vinajaa usaha. Sitasema zaidi juu ya harufu. Nitasema tu kwamba ni yako na huwezi kuihama.

Nilihamia mwenyewe kwenye kibanda cha ndama ili wadogo zangu wasipate. Nasieku alikuwa akiweka kibuyu cha maji mbali kidogo, kisha anakisukuma kwa fimbo ndefu mpaka mlangoni. Alikuwa akiimba anapokisukuma, wimbo wa kijinga wa kuchunga mbuzi, ili nijue ni yeye. Kama una mgonjwa wa namna hii na huwezi kumgusa, mwimbie. Sitanii.

Baba mdogo naye alihamia kwetu. Alisema amekuja kutuangalia. Kweli aliangalia. Aliangalia ng'ombe, akawahesabu mbele ya rafiki zake, aliangalia migomba, alimwangalia Nasieku, akasema amekua. Kibanda cha ndama kina kuta za fito, na fito hazizuii sauti.

"Nasieku ataenda kwa Olais," nilimsikia akisema. "Amemwomba siku nyingi."

"Olais ni mzee!" alisema Nasieku.

"Ndiyo maana ana ng'ombe. Na Lomayani ataenda kuchunga kwa yule setla, Mzungu mwenye shamba kule bondeni. Nyumba isiyo na mtu mzima si nyumba."

"Dada yupo."

"Dada yako yupo leo," alisema Baba mdogo, kwa upole kabisa. Upole wake huo ndio ninaouchukia kuliko ukali wa watu wengine.

Basi nikajua kazi yangu. Wengine wanaougua hupigania pumzi zao. Mimi nilikuwa napigania nyumba. Nikifa, Nasieku anakwenda kwa Olais na Lomayani anakuwa mtumwa wa ng'ombe wa mtu. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kufa.

Nasieku ndiye aliyekwenda kumwita Padri. Alitembea peke yake mpaka kwenye kanisa lake la nyasi. Lazima niwe mkweli kuhusu Padri, maana kuna sehemu nitamdharau na sehemu sitaweza. Alikuja. Mganga wa kwetu hakuja, wazee wa ukoo hawakuja, yeye alikuja. Aliingia kibandani akainama, akanisemesha. Shuleni alikuwa akitufundisha jambo moja ambalo lilikuwa likiwachekesha watu wa kwetu: kwamba uhai si mali ya mwenyewe wala ya ukoo wala ya Serikali, ni wa Mungu, na hakuna mwenye ruhusa ya kuutupa, hata ukibaki kidogo kama maji chini ya kibuyu. Mtoto ambaye hajazaliwa, kizee asiyejua jina lake, mgonjwa anayenuka, wote ni wake. Watu walisema, "Huyu Mzungu hajawahi kuona njaa."

Asubuhi ile alinibatiza, akaniita Monika. Kisha akatoa kichupa na kijiti chenye pamba. Akanipaka mafuta machoni, masikioni, puani, midomoni, mikononi na miguuni, akisoma maneno ya Kilatini. Yalikuwa baridi. Nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya. Halafu akafunga kichupa, akasema kuna mgonjwa mwingine mbali, akaondoka.

Sasa nieleze kitu ambacho kila Mwarusha anakijua na ambacho Padri, pamoja na vitabu vyake vyote, hakukijua. Kwetu mtu mzima hafii ndani. Nyumba aliyofia mtu imeharibika. Anayekaribia anatolewa nje ya ua na kupelekwa porini. Na kabla ya kulazwa huko hupakwa mafuta ya kondoo mwili mzima, ili fisi wasikawie. Fisi wakikawia ni aibu kwa ukoo. Watu husema marehemu alikuwa na laana. Kupakwa mafuta ni neno la mwisho. Aliyepakwa amekwisha kuagwa.

Na hapa watu wote wa nyumba ile walikuwa wameona, kupitia kwenye fito, Mzungu anayehubiri uhai akinipaka mafuta toka macho mpaka miguu.

Baba mdogo alitoka mpaka nje ya ua alikosimama Yosefu.

"Yale mafuta," aliuliza, "ni ya nini?"

"Ni sakramenti," alijibu Yosefu nyuma ya kitambaa chake.

"Anapakwa nani?"

"Mtu aliye katika hatari ya kufa."

"Anayepona hupakwa?"

Yosefu alijua jibu. Mwenyewe alitufundisha darasani kwamba mafuta yale ni ya kumpa mgonjwa nguvu, na Mungu akipenda anapona. Lakini kueleza kungemchukua muda, punda wa Padri alikuwa ameshapotelea kwenye migomba, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kibandani kwangu. "Kwa kawaida hapana," alisema, akakimbia kumfuata bwana wake. Mtu huyu bado anafundisha. Jumapili anasimama mbele na kutuambia tuwapende wagonjwa.

"Mmesikia," Baba mdogo aliwaambia wadogo zangu. "Hata Mzungu wake amemuaga."

Hakutaka kunigusa. Alitafuta kamba ndefu ya ngozi, akaifunga kwenye ngozi ya ng'ombe niliyolalia, akaivuta akiwa mbali kama mtu anayevuta nyoka aliyekufa. Nilisema, "Baba mdogo, sijafa." Koo lilikuwa limejaa vidonda, sauti ikatoka kama mlango mbovu. Alisikia. Najua alisikia kwa sababu alianza kuimba.

Nasieku alifuata akipiga kelele mpaka mwisho wa migomba, ambapo Baba mdogo alimtupia mawe. Jua lilikuwa juu. Kila jiwe la njia ile nilikutana nalo kwa mgongo, na vipele vilipasuka. Aliniacha chini, kwenye vichaka vya leleshwa ambako ng'ombe hawalishwi, akanilaza kwa fimbo, kichwa upande unaotakiwa. Aliifuata desturi kila hatua. Watu wa namna yake huwa hawakosei desturi.

Nilikaa pale na nzi. Nilikuwa naona kwa jicho moja. La pili lilikuwa limefumba kwa usaha. Sikuomba. Nilikuwa na hasira mno ya kuomba. Nilikuwa nahesabu ng'ombe wetu kwa majina, ili Lemburis asije akadanganya, na nilipofika kwenye ndama mwenye doa nikasikia mtu anakanyaga majani.

"Umekufa?"

Alikuwa Koko Nabulu. Uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui ya zamani, kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa. Ndui haimli mtu mara mbili. Alikuwa na kibuyu na panga.

"Takwenya, koko," nilisema. Hata pale nilikumbuka kusalimu.

"Iko," aliitikia. "Nimeuliza, umekufa?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa? Hapa ni kwa wafu. Unawajazia nafasi."

Nilicheka, na kucheka kulinipasua mdomo. Alininywesha maziwa kidogo kidogo kwa kidole, kama anavyonyonyeshwa ndama aliyekataliwa na mama yake. Kisha alikaa chini, akaangalia tai waliokuwa wametua kwenye mti wa miiba.

"Nyinyi nendeni kwa Lemburis," aliwaambia. "Yule ndiye ameoza."

Nilimuuliza kwa nini amekuja. Alikatakata majani kwa panga bila sababu. Kisha akasema, "Mama yangu aliletwa huku huku. Nilikuwa mkubwa kama Nasieku. Alikuwa anaita jina langu. Tulikaa uani tunamsikia, na baba akasema huo ni upepo." Akachomeka panga ardhini. "Nitakurudisha. Lakini nina jambo langu. Zamu yangu ikifika, nifie ndani. Karibu na moto. Usiwaache wanivute kwa kamba. Unasikia, Namnyaki? Sina mtoto. Nakudai wewe."

"Nasikia."

"Sema."

"Utafia ndani, koko. Karibu na moto."

"Ukinidanganya nitarudi nikunyime usingizi." Akaishika kamba ile ile ya Lemburis, akageuza ngozi, akanivuta kupanda. Alipumzika kila baada ya migomba michache, akitukana. Ng'ombe walikuwa wanarudi tulipofika kwake.

Alikata majani ya mgomba, akayapitisha juu ya moto mpaka yakalegea, akayapaka samli, akanilaza juu yake. Majani hayagandi kwenye vidonda. Kumbukeni hilo. Nguo hugandamana, ngozi hugandamana, na kuibandua ni kuchunwa. Jani la mgomba haligandi. Aliyabadilisha kila yalipokauka. Alinifunga mikono kwa vipande vya gome ili nisijikune. Aliniita mchafu, mzito, mpumbavu, mla maziwa ya bure, na hakuacha kunipa maziwa.

Baba mdogo alikuja aliposikia. Nilimwona mlangoni, nikaona kitu kinang'aa: alikuwa amenyoa kichwa. Alikuwa ameshaanza msiba.

"Aliyetolewa harudi," alisema. "Huyu si Namnyaki. Ni kitu kingine."

"Nywele zitaota, Lemburis," alisema Koko. "Wewe subiri tu kivulini, usiungue utosi."

"Utaleta laana kwenye migomba yetu yote, mama."

"Laana ilikuja na kamba. Chukua kamba yako uende."

Hakuichukua. Lakini hakumpeleka Nasieku kwa Olais pia, kwa sababu Olais alikataa kuoa kwenye nyumba ambayo mfu wake anakunywa maziwa. Huruma nyingine huja zimevaa upumbavu. Zipokee hivyo hivyo.

Padri alirudi baada ya muda, akidhani anakuja kumwombea marehemu. Aliponikuta juu ya majani alipiga magoti na kusema ni nguvu ya mafuta matakatifu. Koko alikuwa anayeyusha samli motoni.

"Mafuta yako yalimtoa nje," alisema bila kugeuka. "Yangu yamemrudisha."

Alimweleza yote. Sijawahi kumwona Mzungu akibadilika rangi namna ile. Alisema hakujua.

"Unasema uhai ni wa Mungu."

"Ni wa Mungu, mama."

"Maneno mazuri. Mungu alimwachia nani wa kuchota maji? Ulipanda punda."

Padri alitoka nje, akaokota kibuyu, akaenda mtoni. Alirudi amelowa mpaka kiunoni na kibuyu nusu, maana hakujua kukibeba. Koko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ndipo nilipoanza kufikiri kwamba pengine fundisho lile ni la kweli, ila limepewa watu wadogo walibebe, na wao hulimwaga njiani.

Kipupwe kilipofika, ukungu wa Meru ukakaa mpaka adhuhuri, vidonda vikawa makovu na nywele zikaanza kuota kwa mabaka. Lakini jicho lilizidi kuuma. Padri alisema twende kwa mganga wa Kizungu wa boma. Tulishuka mpaka Arusha kwa miguu, yeye akivuta punda nimekaa juu. Watu wakasimama kutazama.

Chumba cha kungojea cha boma ni ukuta. Unakaa chini upande wa jua, na benchi la kivulini ni la askari. Tulingoja. Walipita wapagazi wenye miguu iliyovimba, akapita mtumishi na mbwa aliyechomwa mwiba, mbwa wa mtu mkubwa. Mbwa aliingia kabla yetu. Padri angeweza kukaa ndani na Wazungu wenzake. Mlango ulikuwa wazi kwake. Alisimama nje nami juani mpaka shingo yake ikawa nyekundu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo siwezi kumdharau.

Mganga alitoka akifuta mikono. Aliongea Kiswahili, nadhani ili tumsikie sisi tuliokaa chini.

"Padri, dawa hii ni ya askari na wapagazi. Huyu hawezi kubeba, hawezi kulima, jicho limekwisha. Ana faida gani?"

"Hana faida," alisema Padri. "Ndiyo maana nimekuja naye."

"Ukiokoa kila kinachooza, utalisha nchi ya vipofu."

"Basi nitailisha."

Askari mmoja kwenye benchi akacheka, akaniambia, "Dada, kumbe hata Wazungu hawajaelewana kama wewe ni mtu."

"Wewe nao wameshakubaliana?" nilimuuliza. Akaacha kucheka.

Mganga alitoa dawa ya kuoshea ili atuondoe mlangoni. Jicho halikupona. Ni jeupe sasa kama yai. Lakini usaha uliacha, na maumivu yakaacha. Nilipojitazama kwenye maji ya mto kwa mara ya kwanza, niliangalia mpaka nikamzoea yule mwanamke. Si mzuri. Anaona vizuri kwa jicho lililobaki.

Vuli nilirudi nyumbani nikiwa na jembe. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yangu, nywele zimeota. Niliwataja ng'ombe kwa majina mbele ya wazee, mmoja mmoja, na yule ndama mwenye doa hakuwapo. Alirudishwa jioni ile ile. Nasieku na Lomayani wako nami mpaka leo. Baba mdogo sasa ni Mkristo, na husema kanisani kwamba yeye ndiye aliyeruhusu nipakwe mafuta.

Kwa wewe uliyelala na unasoma haya, au unasomewa: sema mapema, kabla koo halijaziba, unataka ulazwe wapi na nani ashike maji. Usimwachie mtu mwenye maneno mazuri. Mwachie mtu mwenye kibuyu.

Mimi nina jambo langu lililobaki. Tangu mvua hizi zianze, Koko Nabulu hali. Nimemleta ndani mwangu, nimemlaza karibu na moto, juu ya majani. Majirani wanajua maana yake. Wanasema nyumba itaharibika, itabidi ibomolewe, na vijana wanaomtazama Nasieku wataacha kupita. Nasieku amesikia. Amechukua kibuyu akaenda mtoni, akiimba ule wimbo wake wa mbuzi. Padri amekuja kumwomba Koko abatizwe. Koko amemwambia atafikiri, ila kwanza Padri achanje kuni. Amechanja, vibaya.

Jana Baba mdogo alisimama mlangoni, akanusa, akaniuliza kwa upole wake kama tuna mafuta ya kondoo ndani.

"Tunayo," nilimwambia. "Tunapikia."

Kamba yake nimeikata vipande, nimefungia mlango kwa ndani. Koko amefungua macho, ameuliza kama moto bado unawaka. Nimemwambia unawaka. Amesema hilo si jibu, jibu langu litaonekana siku yenyewe. Ni kweli. Bado ananidai.